Baiskeli ya zamani cheni inaruka na pedali inagonga? Usikimbilie kununua cheni, anzia hapa

Wakuu, baiskeli ya zamani ikianza kusumbua upande wa cheni wengi wetu tunakimbilia kununua cheni mpya, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka siku niliyofunga cheni mpya inang'aa kabisa, nikatoka nayo kwa mbwembwe, kufika kwenye kimlima nikasimama kwenye pedali ili nikanyage vizuri, paap! cheni ikaruka meno, mguu ukashuka chini bila kitu, goti likaenda kupiga hendeli, na sehemu nyingine iliyopigwa na bomba la juu sitaitaja. Cheni ya zamani na uchakavu wake wote haikuwahi kunifanyia vile. Ndo nikaelewa kwamba cheni na meno huwa vinazeeka pamoja kama mke na mume, vimeshazoeana ubaya, ukimtoa mmoja ukaleta kijana mpya aliyebaki anagoma.

Kwahiyo kabla hujatoa hela yoyote jua kwanza ugonjwa uko wapi, na hiyo kazi ni ya bure, inataka masikio, rula na subira kidogo.

Hesabu inagonga mara ngapi

Hapa ndo penyewe, usiparuke. Panda baiskeli sehemu tambarare isiyo na magari, kanyaga kwa nguvu kidogo halafu sikiliza kelele inarudi baada ya muda gani. Kugeuza baiskeli ikalie siti na kuzungusha pedali kwa mkono kunasaidia lakini hakutoshi maana matatizo mengi hayaonekani mpaka kuwe na uzito wa mtu.

Ikigonga mara moja kila pedali ikimaliza raundi moja, basi kinachogonga kinazunguka pamoja na pedali: kota pini (kipini kinachobana kranki kwenye ekseli) imelegea, kranki (ule mkono unaoshika pedali) inacheza, pedali yenyewe, beringi za ekseli ya kranki, au ile sproketi kubwa ya mbele (duara lenye meno) imepinda. Kujua kama ni pedali, jaribu kukanyaga kwa mguu mmoja tu kisha ubadilishe mguu, au mkopeshane pedali na baiskeli nyingine kwa dakika kumi. Nimeshaona mtu anafungua beringi zote, anazipanga kwenye gazeti, kumbe ni pedali ya kushoto imekauka grisi.

Ikiruka au kugonga kila baada ya raundi mbili na kitu, hapo ni pingili moja ya cheni imekaza au imepinda. Sababu yake ni hesabu tu, cheni ya pingili 112 ikiwa kwenye sproketi ya meno 48, pingili ileile inarudi pale ilipokuwa kila baada ya raundi mbili na theluthi, kwahiyo ukisikia mdundo wa namna hiyo usihangaike na kranki.

Ikigonga mara mbili au tatu ndani ya raundi moja ya pedali, tatizo liko nyuma kwenye friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma yanayoteleza ukiacha kupiga pedali), kwa sababu meno 48 mbele na 18 nyuma maana yake kule nyuma kunazunguka mara mbili na theluthi mbili kila pedali ikienda mara moja. Ikiwa haina mpangilio wowote na inatokea ukikanyaga kwa nguvu tu, meno yameisha au friwili ndani imechoka. Na ukiacha kupiga pedali baiskeli ikawa inateleza yenyewe huku kelele inaendelea (sio ule mlio wa tik tik tik wa friwili, ule ni uzima), basi hauko kwenye cheni kabisa, kaangalie habu (vitovu) za magurudumu, spoku na breki.

Safisha kwanza, uchafu unadanganya

Usipime kitu kichafu. Nusu ya baiskeli nilizowahi kushika zikisemekana "cheni imekufa" zilikuwa na matope na oili iliyoganda tu. Toa cheni, iloweke kwenye kopo la mafuta ya taa au dizeli, itikise, isugue kwa mswaki wa zamani, mwaga ule uji mweusi urudie tena mpaka mafuta yatoke na rangi ya kueleweka. Petroli achana nayo, moto wake hauna utani. Wakati cheni inalowa chukua bisibisi nyembamba ukwangue uchafu katikati ya meno mbele na nyuma.

Cheni ikishakauka ipitishe mkononi pingili moja moja ukiikunja juu na chini. Ile iliyokaza utaiona, inabaki imekunjamana kama kidole chenye jongo. Itie tone la oili, ishike mkono huku na huku halafu ipinde kidogo kwa pembeni, kushoto kulia, kushoto kulia, usitumie nguvu za kuvunja kuni. Mara nyingi inaachia. Isipoachia na kutu imeshakula mpaka bushi za ndani (vile vibomba vidogo ambamo pini zinapita), hiyo cheni usiipotezee muda.

Kuhusu oili: tone moja kwenye kila rola, upande wa ndani wa cheni, zungusha pedali kinyumenyume dakika moja, iache inyonye halafu ufute nje kwa kitambaa mpaka ibaki kama haina mafuta. Kinachohitaji oili ni ndani ya rola na pini, nje inakusanya vumbi tu. Oili chafu ya injini watu wanaipenda kwa sababu ni ya bure, ila ile imejaa chembe za chuma na masizi, ni sawa na kupaka cheni yako msasa wa maji. Na ile spreyi ya kulegezea kutu ni nzuri kulegeza, lakini ukiishia hapo bila kuweka oili siku mbili tatu cheni inaanza kulia kama panya. Ukifuta cheni ikiwa inazunguka shika kitambaa mbali na sproketi, kitambaa kikinaswa vidole vinafuata.

Sasa pima

Watu wanasema cheni "imevutika", lakini chuma hakijavutika popote. Kinachotokea ni pini na bushi kulika kidogo kidogo kila pingili, ukijumlisha zote cheni inakuwa ndefu. Kutoka pini hadi pini inayofuata ni nusu inchi, karibu baiskeli zote ni hivyo, kwahiyo pini 24 mbele ni inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikaze cheni ikiwa kwenye baiskeli, weka alama ya sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24, angalia pini ya mwisho imeangukia wapi.

Ikiwa pale pale kwenye inchi 12, cheni bado nzima, shida yako iko kwingine. Ikiwa imezidi kama sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, hiyo ni milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni peke yake sasa hivi na meno yako yatakuwa salama. Ikiwa imezidi moja ya nane ya inchi, milimita tatu, meno ya nyuma nayo yameshaondoka, hapo una njia mbili tu: badilisha cheni na friwili pamoja, au uendelee na uzee wenu wote wawili mpaka ianze kuruka. Hiyo njia ya pili sio ujinga, kwa baiskeli ya gia moja inayotembea mwendo wa pole cheni chakavu kwenye meno chakavu inaweza kwenda muda mrefu tu. Ujinga ni kufanya nilichofanya mimi, nusu mpya nusu mzee.

Huna rula? Ivute cheni kwa vidole pale mbele kabisa ya sproketi kubwa kama unataka kuing'oa. Ikibaki imekaa, vizuri. Ikiinuka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha.

Meno yenyewe yaangalie kwa pembeni. Jino zima lina mabega yanayofanana pande zote mbili, lililokwisha limelala upande mmoja na limechongoka kama pezi la papa au kama ndoana. Ya nyuma yanaisha mapema kuliko ya mbele kwa sababu ni machache na yanazunguka mara nyingi zaidi. Sproketi ya mbele ikiwa ni ile inayofungwa kwa bolti unaweza kuigeuza ndani iwe nje, upande wa jino ambao haujalika ndo ufanye kazi, unapata maisha mengine ya bure, ila baiskeli nyingi za zamani sproketi imeunganishwa moja kwa moja na kranki ya kulia kwahiyo hapo hakuna ujanja. Ikiwa imepinda tu, zungusha pedali huku umeshika chaki karibu na meno, panapoguswa weka alama, halafu nyoosha kidogo kidogo kwa spana ya kujifunga, ukishika katikati ya meno na sio ncha zake.

Friwili

Dalili mbili. Ya kwanza unakanyaga pedali inakwenda mbele bureee, gurudumu halina habari, mara nyingi asubuhi kukiwa na baridi halafu baadaye inashika. Ndani kuna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi vishike meno ya ndani, grisi ya zamani ikiganda kama gundi vinalala havisimami. Ya pili ni kinyume chake, ukiacha kupiga pedali cheni inalegea kwa juu na kuning'inia kwa sababu friwili imekauka haitaki kuteleza.

Zote mbili jaribu kuosha kabla ya kubadilisha. Toa gurudumu, lilaze friwili ikiwa juu, utaona kamwanya kembamba kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka. Miminia mafuta ya taa humo, zungusha, gongagonga kwa mpini wa bisibisi, miminia tena, mpaka yanayotokea upande wa chini yawe masafi. Iache ikauke vizuri kisha tia oili nyepesi, ya cherehani inafaa. Usitie grisi! Grisi ndo iliyokuleta hapa. Ukitaka kuifungua ule mfuniko wenye vitobo viwili ujue nyuzi zake ziko kinyume, unafunguka kwa kuuzungusha kulia, na chini yake kuna gololi ndogo ndogo nyingi zinasubiri kukimbilia uvunguni. Mimi niliifungua mara moja. Inatosha.

Kuitoa kwenye habu unahitaji kifungulio chake kinachoingia kwenye pengo au meno ya katikati, na aina ni nyingi kwahiyo nenda na gurudumu ukajaribishe, usikadirie. Kiingize, kishikilie kwa nati ya ekseli usikaze sana, kibane kwenye jiriwa halafu shika gurudumu kama usukani ulizungushe kushoto. Itakuwa imekaza kweli maana kila ulipokanyaga pedali miaka yote hiyo ulikuwa unaikaza. Ikishaachia tu simama ulegeze ile nati kabla hujaendelea. Ukirudisha mpya paka grisi kwenye nyuzi na uanze kwa mkono, taratibu, habu ya aluminiamu ikikatwa nyuzi umekwisha. Na kama unavunja gurudumu ubadilishe rimu, toa friwili KABLA ya kukata spoku, baada ya hapo hakuna cha kushika.

Kranki na kota pini

Shika kranki zote mbili uzitikise kwa pembeni. Zikicheza pamoja ni beringi, ikicheza moja tu ni hiyo kranki yenyewe.

Kwa zile za kota pini, ile pini yenye ubapa upande mmoja na nati upande wa pili, zikilegea usidhani kukaza nati ndo dawa. Nati haivuti pini, nati inaizuia tu isirudi, ukiikaza kwa hasira nyuzi zinakatika unabaki na nusu mkononi. Pini inaingia kwa nyundo. Kuitoa: ilishe mafuta ya kulegeza usiku mzima, legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini (usiitoe yote, inalinda nyuzi), weka bomba la chuma au gogo gumu chini ya kranki mpaka sakafuni ili kishindo kisiende kwenye beringi, halafu piga pigo moja zito la nyundo kubwa. Vipigo ishirini vidogo vinafanya kazi moja tu, kuvimbisha kichwa cha pini. Nyingi ni milimita 9.5 na nyingine 9, kwahiyo chukua ya zamani kama sampuli. Mpya isipoingia vizuri piga tupa ule ubapa, kidogo, kwa mlalo uleule. Pini mbili zinaingia kwa kuelekeana kinyume, ya kulia nati ikiwa juu basi ya kushoto nati iwe chini wakati kranki zote ziko mlalo, ukikosea pedali hazitakaa mstari mmoja na utatembea kama unachechemea.

Kranki za ekseli ya pembe nne zina kanuni moja: ikilegea simama, kaza hapohapo au kokota. Ukiendelea kuendesha, tobo la mraba linakuwa duara na halitashika tena hata ukaze na trekta.

Beringi za ekseli ya kranki ukizifungua anza kushoto, kwenye ile ringi ya kufungia, hapo nyuzi ni za kawaida. Kikombe cha kulia (kile kinachokalia gololi za upande huo) kwenye baiskeli nyingi kina nyuzi za kinyume, kinafunguka kwa kuzungushwa kulia, na nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kuning'inia kwenye spana nusu saa nikikikaza zaidi huku natukana. Za Kiitaliano na nyingi za zamani za Kifaransa ziko kawaida pande zote. Kama kikombe cha kulia ni kizima kiache humohumo ukisafishe kikiwa kwenye fremu. Gololi ni za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande zikiwa hazina kishikio, badilisha zote, usichanganye kuukuu na mpya, na ekseli yenye vishimo pale gololi zinapopita haitatulia hata uweke grisi ya ndege. Ukifunga, kaza mpaka isicheze lakini izunguke bila kukwaruza, ukibana ile ringi huwa inakaza kidogo zaidi kwahiyo acha kanafasi. Tukiwa hapohapo, pedali ya kushoto nayo iko kinyume, inafunguka kuelekea kulia.

Kufunga cheni

Cheni ya gia moja ni pana, nafasi ya ndani moja ya nane ya inchi, ya baiskeli ya gia nyingi ni 3/32. Pana inakaa kwenye meno membamba, nyembamba haikai kwenye meno manene. Kile kibanio cha pingili ya kuungia, upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda, uwazi ubaki nyuma, vinginevyo siku kikigusa kitu kinachomoka.

Vuta gurudumu nyuma mpaka cheni katikati icheze juu na chini sentimita moja hadi moja na nusu. Halafu zungusha pedali polepole utafute sehemu inapokaza zaidi, maana sproketi za zamani si duara kamili, na upimie hapo. Ikibana sana inakula beringi, ikilegea sana inadondoka. Hakikisha rimu iko katikati ya fremu kabla ya kukaza nati zote mbili.

Kama ina gia

Ya kudondokea nyuma (ule mkono unaoning'inia na vigurudumu viwili) nusu ya matatizo ni waya. Waya wenye kutu ndani ya ganda lake hauwezi kurudi, badilisha waya na ganda kwanza, halafu angalia ule mkono kwa nyuma, vigurudumu vyake viwe wima chini ya meno. Kipande kinachoushika kikiwa kimepinda hakuna skrubu itakayokusaidia, kwenye fremu ya chuma kinanyooshwa taratibu, cha aluminiamu kinapenda kukatika.

Baada ya hapo weka gia ya jino dogo (yaani sproketi ndogo kuliko zote za nyuma, na jino kubwa ni ile kubwa kuliko zote), legeza waya kabisa, skrubu yenye herufi H izungushe mpaka kigurudumu cha juu kikae wima chini ya jino dogo. Funga waya usilegee. Sukuma mkono hadi jino kubwa, skrubu ya L izuie cheni isiingie kwenye spoku, hii usiifanyie utani, cheni ikiingia kwenye spoku unaondoka na gurudumu na huo mkono wote. Kama leva yako ni ile inayobofya na cheni inachelewa kupanda kwenye jino kubwa, zungusha kirekebisho cha waya robo raundi kinyume na saa, jaribu, ongeza robo nyingine.

Ile gia tatu ya Sturmey-Archer iliyo ndani ya habu haina shida nyingi. Weka gia ya pili, chungulia kwenye kitobo cha nati ya kulia, bega la kile kijiti chenye kicheni lilingane na mwisho wa ekseli. Pedali ikikuachia ghafla kati ya gia ya pili na ya tatu, ni waya huo haujakaa sawa, habu haijafa. Kama ina kijifuniko cha oili, itilie oili nyepesi kidogo kila baada ya muda.

Ukimaliza yote endesha kilomita chache kisha rudi na nyundo. Kota pini mpya lazima itakuwa imekaa ndani kidogo, igonge tena, kaza nati tena, kaza na nati za gurudumu, na upime tena ulegevu wa cheni maana mpya nayo inajilegeza siku za mwanzo.